Sahani ya Bi Tausi

Mume wangu Idarusi kasomesha historia miaka thelathini na minne, na ugonjwa wa kusahihisha watu haujamtoka. Msibani, Mungu anisamehe, aliwahi kumkatiza msoma wasifu juu ya mwaka aliozaliwa marehemu. Ukimtajia vita vya Tanga na wale nyuki waliowatimua Waingereza, utasimamishwa hapo hapo sokoni mpaka samaki wako waharibike. Nimeishi naye hivyo, na nampenda hivyo hivyo, ila asisikie.

Mwaka huu daktari kamwambia jicho la kushoto limekwenda, na la kulia linamfuata mwenzake. Presha ya macho, kilichopotea hakirudi. Idarusi hakulia. Alikaa kitandani na viatu vyake miguuni, kisha kasema anataka kuliona kaburi la mama yake angali anaona.

Basi hapo ndipo penye kazi. Mama mkwe wangu, Bi Tausi, kazikwa kwenye kitongoji chetu cha zamani, kule mbele ya Ushongo, na kitongoji hicho leo kimo ndani ya hifadhi ya wanyama. Sisi tulikuwa tumeshahamia Tanga mjini, waliobaki wakahama baadaye, pori likarudi. Idarusi alikasirika, kaapa kwamba haendi kwao kwa tiketi kama mtalii. Kiapo hicho kimemkalisha miaka kumi na tisa bila kumzuru mama yake. Kila Shaabani watu wakienda kufyeka makaburi ya wazee wao, yeye hushikwa na homa ya uongo, nami humpikia uji na kunyamaza.

Tukavuka mto Pangani kwa pantoni, tukafika getini. Aliyetupokea ni Brightness, mwongoza wageni, binti wa Kishambaa kutoka Lushoto. Akatupa shikamoo zetu moja moja, akamshika Idarusi mkono kumpandisha garini. Nilimpenda palepale. Idarusi aliona haya kusema alichokuja kutafuta. Alimwambia tu kwamba tunapenda makaburi ya kale. Brightness akasema lipo moja, wageni wote hulipenda.

Njiani akatuonyesha twiga na ngiri na kinyesi cha tembo. Idarusi akamsahihisha mwaka Wajerumani walipofika Pwani, na yule binti akatoa kijitabu akaandika. Wanafunzi wenye adabu hivyo hakuwapata wengi.

Tuliposhuka tulikuta njia imefagiwa. Kaburi lilikuwa limepakwa chokaa na nyasi zimekatwa. Brightness akaanza maelezo yake: hapa kalala shujaa wa vita dhidi ya Wajerumani, jina lake limepotea, na ushahidi ni ile sahani iliyojengewa kichwani, maana watu wa Pwani tangu zamani walipamba makaburi kwa vyombo vya kauri. Wageni Waislamu humsomea Fatiha, akasema, na sisi Wakristo husimama kimya.

Nikaitazama sahani. Maua ya buluu, na ukingoni pengo dogo. Ala! Sahani yangu.

Nilikuja nayo kwenye ndoa. Bi Tausi alikuwa akiuza vitumbua, akaichukua akawa anapangia vitumbua barazani, apate kuwaringia majirani. Siku alipoirudisha na pengo, niliifungia sandukuni. Miezi miwili hatukusemeshana, Idarusi kakaa katikati akibeba maneno: mwambie mkeo, mwambie mamako. Alipofariki, mwaka tisini na moja, nilikwenda mwenyewe nikaizamisha kwenye saruji mbichi. Nililia siku ile kuliko mwanawe, na sikumwambia mtu kwa nini.

Idarusi sahani haioni vizuri. Nikamshika mkono, nikamwekea kidole kwenye pengo. Akapapasa, akajua. Akapiga magoti.

Nikangoja amsahihishe binti wa watu. Badala yake akaninong'oneza.

"Usiwaambie. Wakijua ni muuza vitumbua, nani atakuja kumfagilia? Mie sikuja." Akalipapasa tena lile pengo. "Na zile Fatiha zote, Asmahani. Walimkusudia mtu mwingine. Zitakuwa zimemfika?"

Mtu wa kutoa fatwa mie siye. Lakini roho iliniuma.

"Zimemfika," nikamwambia. "Humo hakuna mwingine wa kuzipokea."

Mara likaja basi la wanafunzi kutoka Muheza, wamejaa na mwalimu wao. Brightness akawapanga, akaanza tena: hapa kalala shujaa. Nikamwona Idarusi kainamisha uso. Miaka arobaini na sita namwambia awaache watu na makosa yao, na siku ile aliyenyoosha mkono ni mimi. Nikasema huyu si mtu wa zama za Wajerumani. Huyu ni Bi Tausi, mama wa huyu mzee, alimsomesha kwa vitumbua mpaka akawa mwalimu, na sahani hiyo ni yangu.

Brightness akaziba mdomo. Kisha akatoa kile kijitabu, akaandika, akaniuliza vitumbua vilikuwa vya mchele upi. Nikajua huyu hataacha kufagia.

Msichana mmoja wa mstari wa mbele aliona kaibiwa.

"Kwa hiyo bibi, hakupigana na mtu?"

"Alipigana na mimi."

"Nani alishinda?"

Nikamtazama Idarusi anajifuta kwa ncha ya kanzu.

"Yeye. Sahani si anayo yeye?"

Wakacheka, nami nikacheka, machozi yananitoka. Mwalimu wao akainua mikono, akasema tumsomee Fatiha marehemu Bi Tausi. Mume wangu akainua kichwa, akamkatiza.

"Bi Tausi binti Suleimani," alisahihisha.