Kofia ya Svetozar

Mwaka huu bundi walimhama Desanka. Kila Novemba walikuwa wakijazana kwenye msonobari wake, wakisinzia mchana kutwa, na watu wenye darubini wakimgongea geti kuja kuwatazama. Sasa bundi wote wa mtaa ule wa mji wa Kikinda, Serbia, walikuwa ng'ambo ya ua, kwa jirani yake Vidosava, mwanamke ambaye kahawa yake ni kama maji ya kuoshea vikombe. Desanka aliumia, tusifichane. Tangu mumewe Svetozar afariki, miezi mingine yote geti lake lilifunguliwa na tarishi tu.

Basi Jumapili moja tulivu, alitoa kabatini kofia ya marehemu, ile ya manyoya yenye masikio mawili. Akayafunga kwa kamba yasimame, akapanda ngazi na kuipachika kwenye tawi. Aliporudi chini akaitazama, akaridhika. Alikuwa bundi mnene, lakini bundi.

Pai ya maboga haijapoa, geti likagongwa. Walikuwa mume na mke kutoka mji wa Novi Sad, darubini shingoni.

"Mama, tunatafuta bundi."

"Ninaye mmoja, ni mzee. Hapendi kelele. Njooni mnywe kahawa kwanza."

Wakanywa, wakala, wakasikiliza habari za mwanawe aliyeko Ujerumani mpaka pai ikaisha. Desanka hakuwa amezungumza hivyo tangu mwaka jana. Hatimaye yule mume akainua darubini.

"Mbona hana macho?"

"Amelala, baba. Kwani wewe ukilala unayakodoa?"

"Na sikio moja linashuka."

Kweli, kamba ilikuwa imelegea. Sikio liliteremka taratibu, likaning'inia. Mbaya zaidi, kichwa cha Vidosava kilikuwa kimechomoza juu ya ua, na Vidosava hajawahi kunyamazia aibu ya mtu.

"Hebu niazime hiyo darubini, kijana," Vidosava akasema.

Akaitazama kofia kwa muda mrefu. Miaka mingi alikuwa ameiona ikipita dirishani kwake kila theluji ilipoanguka.

"Huyu namjua," akasema. "Ni mkazi wa hapa, hahami. Wakizeeka, sikio hulegea. Hata marehemu Svetozar lilimlegea hivyohivyo."

Wageni wakapiga picha, wakashukuru kwa sauti ya chini wasimwamshe mzee, wakaenda zao. Desanka hakujua aweke wapi macho.

"Jirani," Vidosava akasema, "mimi mti wangu umejaa, lakini watu wanachungulia tu, kisha wanaondoka. Hakuna anayekaa."

"Ni kahawa yako."

"Najua ni kahawa yangu." Akaitazama kofia tena. "Nibakizie ya kwako. Na huyo mzee umfunge masikio vizuri, usiku baridi itakuwa kali."

Desanka akaenda kumfungulia geti.