Baridi ya Barfi

Komal aliegesha gari mbele ya karakana yangu, hapa Gerezani, bila mlio wowote. Gari la umeme haliji, linatokea. Alishusha kioo na kabla sijamaliza kumsalimia akaniambia AC imelegea, na kesho asubuhi ana masinia ya barfi ya kupeleka Upanga kwa ajili ya sikukuu ya Diwali.

Barfi ni mithai ya maziwa na sukari. Ukiipitisha kwenye joto la Novemba, kwenye foleni, inafika imelegea kama sabuni iliyosahaulika bafuni. Masinia ya juzi yalifika hivyo. Na baba yake, mzee Ravindra mwenye duka la mithai hapo jirani Kariakoo, hajawahi kulipenda gari lile. Komal ndiye aliyemshawishi wauze kirikuu, kigari cha mizigo kilichobeba mithai za familia tangu yeye akiwa shule. Sasa mzee ametamka: barfi ikiharibika tena, gari linauzwa na kirikuu kingine kinanunuliwa.

"Likiondoka hili, Heriel, pale dukani hatanisikiliza tena kwa lolote," Komal aliniambia.

Jirani yangu Abubakary, fundi wa injini za dizeli, alikuwa ameshasogea na kikombe chake cha kahawa. Hakuna kinachomfurahisha kama kuniona nashindwa.

"Mangi, hiyo ni pasi yenye magurudumu," alisema, akiutania Uchagga wangu. "Ukiigusa vibaya tunakusafirisha Moshi ukiwa umeshaiva."

Wanywa kahawa wote wa kijiweni wakacheka. Mimi sichekwi kwenye karakana yangu nikanyamaza. Nikamjibu palepale:

"Wa mkaa atakesha, umeme ukimpita;
mie taa nimewasha, giza halitanipata."

Wakapiga makofi, na makofi yakanilevya. Nikatangaza mbele ya wote kwamba gesi ya AC imepungua, nitaongeza, na kabla kahawa haijapoa gari litakuwa friji. Nilisema hivyo kabla sijafunga geji ya kuipima. Nilipoifunga, gesi ilikuwa imejaa vizuri kabisa. Abubakary akaanza kupiga mluzi.

Kwenye gari la petroli ningehamia kwenye mkanda wa kompresa. Hili halina mkanda. Kompresa yake inasukumwa na betri kubwa inayoendesha gari lenyewe, kupitia nyaya nene za rangi ya machungwa, na nyaya zile haziguswi na mtu mwenye hasira. Mimi hasira nilikuwa nazo. Kwa hiyo nilifunga boneti, nikaingia ndani, nikamwomba Komal aweke feni mwisho, nikatandaza kiganja kwenye matundu ya hewa.

Upepo ulikuwa wa baridi kweli, baridi ya kwetu Kibosho asubuhi. Ila ulikuja kidogokidogo, kama mtoto anapuliza uji, wakati feni inanguruma kwa nguvu zote. Basi baridi ilikuwapo, ila ilizuiwa njiani. Nikafungua kidroo cha mbele ya abiria, nikatoa vitu vyote, nikavuta filta ya hewa iliyo nyuma yake.

Haikuwa filta tena, ilikuwa ukoko. Mchele wa manjano ulikuwa umevimba na kugandamana na maua yaliyokauka, na unga mwekundu umeshika kila kona.

Komal alijifunika mdomo. "Ba," alisema. Ndivyo anavyomwita bibi yake, Ranjanben, mama mzazi wa mzee Ravindra.

Akanieleza. Kwao gari jipya hubarikiwa kwa mchele wenye bizari, maua na unga mwekundu. Kirikuu bibi alikibariki mara moja tu, siku kilipoingia. Hili, kwa sababu linatembea bila mlio, analiogopa, na kwa hiyo analibariki kila siku. Anamwaga juu ya boneti, waipa zinasukuma, mchele unateremkia kwenye matundu yaliyo chini ya kioo cha mbele, mahali AC inapovutia hewa. Mvua za wiki ile zimemalizia mapishi.

Aliniomba nisiseme. Bibi angejiona ndiye aliyemponza mjukuu wake. Nikakubali, ingawa niliumia, maana nilitamani kuupitisha ukoko ule chini ya pua ya Abubakary. Nikausukuma pamoja na filta yake kwenye buti la gari, nikapuliza njia yote ya hewa, nikaweka filta mpya. Ilipowashwa AC, mtandio wa Komal ulipepea.

Tukaenda dukani. Mzee Ravindra alikuwa mlangoni, bibi kando yake kwenye kiti. Nikawaamkia wote wawili shikamoo. Mzee akauliza ugonjwa ulikuwa nini. Nikasema vumbi.

"Vumbi la Kariakoo?"

"Ndiyo, mzee."

"Basi Kariakoo haihami. Litaziba tena mwezi ujao. Liuzwe."

Uongo wangu mwenyewe ulikuwa unalipeleka gari sokoni. Komal alinitazama, akaenda kwenye buti, akarudi na ile filta. Akachuchumaa mbele ya bibi yake, akamwekea mapajani.

Bibi alivaa miwani. Akaugusa mchele, akanusa ua moja. Wauzaji wa duka wakasogea kuangalia.

"Huu ni mkono wangu," alisema. Kisha mabega yakaanza kumtikisika, nikadhani analia, kumbe anacheka. "Ravindra, miaka yote nalalamika kwamba wewe hutaki baraka zangu. Gari la mwanao limezila mpaka limepaliwa."

Wauzaji wakaangua kicheko, Komal akacheka huku machozi yakimtoka. Mzee Ravindra alijitahidi kubana uso, akashindwa. Bibi akatoa hukumu: kuanzia kesho atabariki magurudumu tu, maana magurudumu hayana pua.

Asubuhi yake mzee aliamua kwenda mwenyewe, akakaa mbele, kando ya Komal aliyeendesha, na sinia mapajani kama mtu aliyebeba mtoto mchanga. Mimi waliniketisha nyuma, endapo AC ingelegea tena. Tulikwama kwenye foleni ya makutano ya Fire, jua likipiga kioo, na kila tukisimama alifunua kitambaa na kubonyeza barfi kwa kidole. Barfi ilifika Upanga na kona zake kali kama za tofali.

Wakati wa kurudi, Komal alimuuliza baba yake anasemaje sasa.

Mzee alikuwa anasugua magoti kwa baridi. "Kesho," alisema, "nikumbushe sweta."