Jicho Zima Ndilo Hufungwa

Siku ile Eulalie alirudi nyumbani saa nne badala ya saa saba. Mvua ilikuwa imeezua mabati ya darasa lake na wanafunzi wakarudishwa makwao. Alipofika mlangoni, daftari zimelowa kifuani, alimkuta binti yake Ornella, wa miaka minne, ameketi mkekani. Jicho la kulia, lile zima, lilikuwa wazi linamcheka. Sparadra, ile plasta ya kufunikia jicho, ilikuwa imehamia jicho la kushoto, lile linalopinda kuelekea puani. Damu ilimpanda Eulalie kichwani.

"Mama, ni nani alibadilisha?"

Mama mkwe wake, Marcelline, alikuwa anachambua sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, kwenye sinia, kichwa amekigeuza upande kama desturi yake. Hata hakushtuka.

"Ni miye. Kila siku ukienda ku masomo. Jicho iko mugonjwa, unaiacha wazi, halafu unafunga ile nzima! Wapi uliona vile? Kidonda ndio wanafunga."

Kila siku! Wiki tatu nzima Eulalie alibandika sparadra asubuhi kwa mkono wake, na wiki tatu bibi aliibandua na kulilaza lile jicho ambalo tayari lilikuwa limelala. Na alifanya hivyo kwa mapenzi, ndilo lililomkata Eulalie maini zaidi.

Daktari wa macho alikuwa ameeleza taratibu, Eulalie na mama mkwe wakimsikiliza. Akili ya mtoto ikipata jicho moja linaloona vizuri, hutegemea hilo tu na kuliacha la pili lizembee. Ukifunga lile zima saa chache kila siku, la pili linalazimika kufanya kazi. Ila samaki mkunje angali mbichi: akishafika miaka saba hivi, mtoto hapati tena nafuu kubwa. Kisha akauliza maswali. Alizaliwa kabla ya wakati? Ndiyo, miezi saba, kilo moja na nusu. Kuna mtu wa ukoo mwenye macho ya kupinda, au jicho lisiloona vizuri tangu utoto?

"Kwetu hakuna," Marcelline alirukia, kabla hata hajaulizwa.

Daktari akasema kuzaliwa mapema si kosa la mama. Lakini njiani, wakipanda ngazi za mtaa wao wa Kadutu, mlimani, Marcelline alitoa hukumu yake. Kosa ni la Eulalie, aliyebeba mimba akipanda na kushuka mlima kwenda kufundisha watoto wa watu. Steve, mume wake, anayefanya kazi Kavumu na kurudi Jumamosi tu, alisema, "Mama ni mama, umuache." Eulalie alimuacha. Sasa tazama.

"Tangu leo siachi tena," alisema, akaibandua sparadra na kuirudisha kulia. Ornella akalia. "Mama, nakuheshimu. Lakini hii jicho utaigusa nikiwa nimekufa."

Kesho yake, darasa lake likiwa limehamishiwa chumba kingine, akaenda na mtoto shuleni. Kwenye ngazi, jirani mmoja mwenye mdomo mrefu akauliza, "Maman Ornella, mutoto ulimupiga?" Eulalie akasimama palepale, na mzigo wake, na pumzi zake chache. "Sikumupiga. Namufundisha kuona. Na wewe ukitaka nitakufundisha." Jirani akakumbuka ameacha sufuria motoni.

Jumapili baada ya misa, Ornella, aliyekwisha kuchoka kuwa mgonjwa peke yake, aligeuza mambo kuwa mchezo. Yeye daktari, bibi mgonjwa. Akambandika Marcelline kipande cha sparadra kwenye jicho la kulia, akakipigapiga kwa viganja.

"Koko, hesabu sambaza," akamwamuru bibi yake.

Marcelline alinyoosha mkono, akakosa sinia. Akapapasa mkeka.

"Eulalie, ni nani amefunga mulango?"

Mlango ulikuwa wazi. Jua la saa sita lilikuwa limejaa hadi katikati ya nyumba. Eulalie alimtazama mwanamke yule, na kile kichwa alichokigeuza upande miaka yote akichambua samaki, akitia uzi kwenye sindano, akimtafuta mtu anayemsalimu. Maneno makali yalimjia mdomoni mengi. Aliyameza yote.

"Mulango iko wazi, Mama."

Marcelline alibandua sparadra, akaibandika tena, akabandua. Chakula hakugusa.

Walipofika kwa daktari wiki iliyofuata, Marcelline hakungoja kuketi. Mficha uchi hazai, na yeye alikwisha kuficha bila kujua anaficha.

"Docta, andika. Ulisema ukoo. Kwetu iko. Ni miye."

Daktari akampima jicho la kushoto, akamtikisia kichwa kwa upole. "Ya kwako ilichelewa, Mama."

"Miaka makumi sita ninafikiri watu wote wanaona hivi," Marcelline alisema. Kisha akamgeukia mkwe wake. "Nilikubebesha kosa ya mimba na mulima. Unisamehe."

Eulalie akafungua mkoba wake. Alimpa sparadra.

Marcelline akamshika Ornella, akaibandika juu ya jicho zima, akaikandamiza kwa dole gumba mpaka pembeni.

"Koko, sioni vizuri!"

"Lia, mutoto wangu," alisema. "Lia tu. Hii siifungui."