Kilomita za Chumba cha Nuru

Halima alikuwa akimenya mihogo jikoni, Jumanne saa moja asubuhi, redio ya jirani ilipotangaza kwamba mbio za barabara za Mikindani zimeahirishwa kwa sababu ya virusi. Mtangazaji aliisoma taarifa ya kamati mara mbili. Alisema wote waliojiandikisha wabaki majumbani na wanawe mikono kwa sabuni, kisha akaweka taarabu. Halima alibandika mihogo, akamimina uji kwenye kikombe ampelekee binti yake Nuru, aliyekuwa amelala na homa tangu jana yake. Kutoka pazia la jikoni hadi kitanda cha Nuru palikuwa na hatua nne. Halima alifunua pazia, akaona kitanda hakionekani.

Sakafu ilikuwa ile ile, saruji nyekundu aliyoipaka mwenyewe mwaka juzi, ila ilikwenda mbele mpaka ikapotelea gizani. Mabati nayo yalikwenda pamoja nayo juu. Upande wa kulia, mbali kidogo, kilisimama kigingi cheupe kilichoandikwa moja.

"Nuru," aliita.

"Naam, mama." Sauti ilikuwa pale pale, ya mtu aliye hatua nne.

"Uko wapi?"

"Kitandani."

Halima alikaa kizingitini na kikombe chake. Felismina, jirani yake wa ukuta kwa ukuta, aliyezaliwa ng'ambo ya Ruvuma na kuolewa hapa Likombe, alikuja kuomba chumvi. Alichungulia juu ya bega la Halima, akatikisa kichwa.

"Wa kwako alijiandikisha ngapi?"

"Ishirini na moja."

"Mwanangu Eduardo tano. Zimekaa kati ya mlango wa uani na choo. Katoka alfajiri na hajarudi." Felismina alichota chumvi kwenye kopo. "Kilomita zimetolewa barabarani, Mama Nuru. Zingekwenda wapi? Zimerudi kwa wenyewe."

Nuru alikuwa na miaka kumi na tisa. Kwa miaka mitatu alikuwa akiamka kabla ya adhana na kukimbia peke yake mpaka njia panda ya uwanja wa ndege na kurudi, kisha anakwenda shamba na mama yake kupalilia mikorosho. Mwaka huu kocha wa timu ya jeshi alikuwa aje asimame mwisho wa mbio na daftari, achukue wasichana wawili. Nuru alikuwa amekwishapewa fulana na namba, mia mbili na kumi na nne, akazitundika kwenye msumari juu ya kitanda ili azione akiamka.

Halima alizunguka nje akajaribu dirisha. Alipitisha mkono kati ya nondo, kikombe kikiwa kiganjani, akauingiza mpaka begani.

"Unauona mkono wangu?"

"Siuoni, mama."

Basi alirudi jikoni, akahamishia uji kwenye chupa ya chai ili usipoe, akajifunga kanga ya pili kiunoni, akaingia.

Siku ile alitumia muda wa saa tano na nusu. Vitu vya chumbani alivikuta vimetawanyika njiani kwa mpangilio wake wa zamani: kigoda kwenye kilomita ya tatu, sanduku la nguo kwenye ya saba, gunia la makopa ya muhogo kwenye ya kumi na mbili, kalenda ya mwaka uliopita ukutani baada ya ya kumi na tano. Alipolifikia gunia aliliketia, kwa kuwa miguu ilikuwa imevimba. Muda wote alimsikia Nuru akikohoa karibu yake kabisa, kama mtu anayelala naye mkeka mmoja. Alipofika, uji ulikuwa bado na uvuguvugu. Nuru alikunywa vijiko vitatu.

"Umekuja kwa kutembea?" aliuliza.

"Ningekujaje tena?"

"Utachoka hivyo." Nuru alipumzika kidogo kabla ya kuendelea. "Kesho kimbia taratibu. Kilomita ya kwanza iache ikupite tu, usishindane nayo. Mikono ishushe. Na hizo kandambili ziache, vaa viatu vyangu."

Viatu vilimbana vidole, lakini alivivaa. Siku moja alitoka, siku iliyofuata akaingia. Nje kulikuwa na maji, kuni, dawa za homa na dua za watu waliosimama mbali; ndani kulikuwa na Nuru. Bwana afya wa mtaa alikuja akafunga utepe mlangoni, akaandika kwamba mgonjwa ahudumiwe na mtu mmoja tu. Muuguzi wa zahanati, Aida, alisimama nje ya utepe akiwa na barakoa. Aliusikiliza ukuta kwa sikio, akahesabu pumzi za Nuru kwa saa yake ya mkononi, akazihesabu tena.

"Hewa haimtoshi," alisema. "Anahitaji oksijeni, Mama Nuru, na sisi hatuna. Tumeomba tangu mwaka juzi." Alishusha sauti. "Kamati ya mbio wanayo mitungi minne. Ilikuwa ya wakimbiaji. Na gari la wagonjwa limeegeshwa pale pale."

Halima hakujua kusoma ramani ya mji lakini aliijua ofisi ya kamati, kwa kuwa ndiko alikomsindikiza Nuru kuchukua namba. Ilikuwa chumba kimoja nyuma ya maduka, na kontena la bluu pembeni. Katibu, Bwana Lukasi, hakuwa mtu mbaya. Alimtolea kiti nje, akamwonyesha ndoo ya kunawia, akakaa mbali naye kama ilivyoagizwa.

"Shikamoo, mama. Kuhusu kilomita taarifa tunazo," alianza. "Watu wengi wamekuja. Yupo mzee wa Ziwani zimemkalia kati yake na kisima. Zitakusanywa tarehe mpya ikitangazwa."

"Marahaba. Sikujia kilomita, baba. Nimekuja kuomba mtungi mmoja wa hewa. Binti yangu hapumui vizuri."

Bwana Lukasi alilitazama kontena, kisha akatazama mikono yake.

"Ile mitungi ni ya washiriki."

"Nuru ni mshiriki. Namba mia mbili na kumi na nne."

"Najua, mama. Lakini mshiriki ni yule anayekimbia siku ya mbio. Na siku ya mbio haipo."

"Gari je?"

"Gari nalo vivyo hivyo. Kontena na gari vimefungwa kwa lakiri mbele ya mashahidi. Mimi nikiikata, nitaulizwa nimeikata kwa barua gani."

"Basi niandikie hiyo barua."

"Wa kuiandika ni mwenyekiti, na mwenyekiti yuko karantini." Aliinuka, akaingia ndani, akarudi na chupa moja ya maji yenye nembo ya mbio, akaiweka chini katikati yao, akarudi nyuma hatua mbili. "Hii naweza kukupa. Pole sana."

Halima aliichukua. Alikwenda nyumbani kwa miguu, na kwa kuwa alikwisha kuzoea, alikimbia. Felismina alikuwa ameacha uji kwenye chupa kando ya pazia. Halima alifunga kamba za viatu na kuingia adhuhuri ikiadhiniwa.

"Mama," alisema Nuru, "umepata?"

"Wanaandika barua."

Nuru alikuwa amejifunza kumsikiliza mama yake kwa miguu, na akawa anamhesabia. Alisema, "Hapo ni kigodani." Kitambo kirefu baadaye akasema, "Sandukuni." Kati ya neno na neno alivuta pumzi nyingi fupi, na Halima alizihesabu kama alivyomwona Aida akihesabu. Alipolifikia gunia hakulikalia.

"Umelipita gunia?"

"Nimelipita."

"Unakwenda vizuri." Alikohoa. "Mama, usikimbie sana. Nakusikia unahema."

"Mimi sihemi, mwanangu."

"Unahema."

Hayo ndiyo maneno yao ya mwisho. Kwenye kalenda Halima alimsikia bado. Baada ya kigingi cha kumi na saba akasikia pumzi moja, akangoja nyingine huku akikimbia, na haikuja. Alisimama ili nyayo zake zisimzuie kusikia. Nje, upande wa pili wa ukuta, Felismina alikuwa akitwanga, kuku wakigombana. Ndani hapakuwa na kitu.

Zilikuwa zimebaki kilomita nne kasoro. Kurudi nyuma kulikuwa mbali zaidi, basi aliendelea. Alikimbia kama alivyofundishwa, mikono chini, bila kupoteza mwendo. Alipofika kitandani alikuwa ametumia muda wa saa mbili na dakika hamsini, na hajawahi kukimbia vizuri kuliko siku hiyo. Alimfumba Nuru macho, akamfunga kidevu kwa utaji, akaifungua ile chupa ya maji, akamfuta uso.

Msiba haukuwa na watu, kwa maagizo. Bwana afya aliukata utepe wake na kuruhusu kumi. Waoshaji wawili waliingia na ndoo kichwani, vikongwe wote, wakipumzika kila kigingi, na hakuna aliyelalamika isipokuwa mmoja aliyesema angejua angevaa raba. Wanaume sita walilibeba jeneza asubuhi ya pili. Walipokezana mabega kila kilomita, wakisoma kwa sauti ya chini, na Eduardo, ambaye si Mwislamu, alitembea mbele yao na taa na hakuna aliyemkataza. Shehe aliyengoja uani aliwasikia kwa muda wa saa sita wakiwa karibu ya kumgusa. Walipotokea kwenye pazia walikuwa wamelowa jasho na viatu vimetoboka, wakamswalia Nuru hapo hapo, wakaenda kumzika nyuma ya mikorosho.

Ugonjwa ulipungua, au watu waliacha kuutaja. Mpira ulirudi, shule zikafunguliwa. Kilomita zilibaki chumbani, na Halima alizizoea. Kila Ijumaa aliingia kufagia. Alipita kigodani akiwaza mambo ya shamba. Sandukuni alianza kumkumbuka Nuru akiwa mdogo, mwenye magoti ya makovu. Kilio kilimpata kwenye gunia, siku zote kwenye gunia, na alikimbia nacho bila kukizuia kwa kuwa hapakuwa na wa kumwona. Kwenye kalenda kilikuwa kimepungua. Kufika kigingi cha ishirini alikuwa amejifuta uso na kujifunga kanga upya, na kitandani alifika akiwa mtu anayeweza kutandika shuka. Felismina alimshauri ahamie kwa dada yake Mpapura. Halima alisema Mpapura ni mbali.

Mwezi wa tisa wa mwaka uliofuata, bila barua ya kutangulia, kamati ilikuja na kenta. Bwana Lukasi alikuwa amenenepa kidogo na amevaa fulana mpya ya mbio. Alikuwa na vijana wanne, kitabu cha kupokelea vitu, na hati yenye mihuri mitatu.

"Tarehe imetoka, mama," alisema. "Tumekuja kuchukua kilomita. Safari hii kila kitu kimekwenda haraka, barua zote zimesainiwa siku moja."

Alimpa tangazo. Halima alilisoma akiwa amesimama. Kulikuwa na saa ya kuanzia, majina ya wageni, na mstari uliosema kwamba mitungi ya oksijeni itawekwa kila baada ya kilomita tano kwa usalama wa wakimbiaji. Asubuhi ile ile Aida alikuwa amepita na kumwambia kwamba zahanati bado wanaomba.

"Na baada ya mbio," Halima aliuliza, "hiyo mitungi inakwenda wapi?"

"Inarudi kontena, mama."

Vijana walifanya kazi kwa utaratibu. Walianzia mwisho, wakazikunja moja moja na kuzitoa kwa mlango wa jikoni, vigingi wakavifunga kamba. Bwana Lukasi alizikagua juani kabla hazijapakiwa. Aliinama juu ya ile ya kumi na mbili na kuipapasa.

"Hizi za katikati zimeliwa kidogo," alisema, si kwa ukali. "Nitaandika ni uchakavu wa kawaida. Weka sahihi hapa. Pole tena, mama, kwa yale."

Halima aliweka sahihi. Kenta lilisimama kwa Felismina kuchukua zile tano, kisha likaondoka kuelekea Mikindani, limeinama nyuma kwa uzito. Eduardo alikwenda chooni na kurudi, akaenda tena bila haja, kwa kufurahi tu.

Ilikuwa Ijumaa. Halima alichukua ufagio, akavaa viatu, akafunga kamba vizuri na kufunua pazia. Aliinua mguu, akaingia kwa mwendo wa taratibu ili kilomita ya kwanza impite. Hakuwa bado amewaza lolote. Goti lake liligonga ubao wa kitanda, na mbele ya macho yake, karibu hata asiweze kuisoma, ilikuwa namba mia mbili na kumi na nne kwenye msumari wake.