Hakichomi, Mama

...na asiiguse hiyo meza, nimwambie tena asiiguse, ikitikisika kidogo tu mstari unakwenda upogo ndani ya kioo na kibao kizima ni cha kutupa, lakini nikimwambia mara ya tatu atasema bintiye anamsimanga mbele za watu, basi, acha, ametulia, mkoba mapajani kama yuko kwenye foleni ya daktari... daktari, ah, ni kesho asubuhi na bado hajasema ndiyo, jicho la kushoto lilishajifia zamani akiwa msichana, limebaki hili la kulia tu, nalo limeingia mtoto wa jicho, na yeye bado anatania, eti nina watoto wawili, wewe na huyu wa jicho, wote wasumbufu... aliyeharibu ni mimi, Jumapili, kwa mdomo wangu huu, hapa karakana sote tunasema kuchoma, umechoma vibao vingapi, nani anachoma mchana, wala hakuna kinachoungua, ni neno la kazi tu, nami nikamwambia kwa furaha zangu zote, Mama, mashine watakayokufanyia upasuaji ni dada wa hii yangu, mwanga ule ule wa leza ninaochomea vioo, akaweka kikombe chini polepole, “Mnichome jicho? Na lenyewe ndilo hili moja?” na habari ikaishia hapo, tangu siku hiyo nampigia simu asubuhi, nampigia jioni, naeleza, naeleza, mpaka leo nimeamua aje ajionee mwenyewe...

“Sasa hapo inafanya nini?” anauliza, inachora, Mama, angalia kwenye skrini, ule mstari, “Inachora wapi?” ndani, katikati ya kioo, juu hakuguswi na chini hakuguswi, ule mwanga unapita sebuleni bila kumwamsha mtu, unafika chumba cha ndani, hapo ndipo unapokusanyika na kufanya kazi, na mpigo wenyewe ni mfupi mno, joto halipati hata nafasi ya kutambaa, nikikutolea kibao sasa hivi ukakiweka shavuni ni baridi, hakichomi, Mama, kesho tutakitia dawa, itakula pale tu nilipochora, pabaki kijia chembamba kuliko unywele, tone la damu lipite humo wapime ugonjwa, “Ehee,” anasema, ile ehee yake ya kumvumilia mgeni asiyejua kuaga... jirani zake amewaambia natengeneza vioo, mmoja ameshaniagiza cha kujitazamia, cha mlango wa kabati, nifanyeje sasa, nimechoka kukanusha... na hiyo miwani ya kujikinga, ya rangi ya chungwa, tumeivalisha juu ya miwani yake ya kila siku, maana sheria ni sheria hata kama mashine imefungwa ndani ya sanduku lake, anafanana na nyuki, maskini Mama yangu, nampenda mpaka nataka kucheka, ila sioni macho yake, sijui anatazama wapi, sijui kama linamwingia hata neno moja...

“Unang'ata mdomo.” Nani? “Wewe. Upande huo. Marehemu baba yako alikuwa hivyo hivyo akitia uzi kwenye sindano.” Mama, jamani, usinitazame mimi, tazama skrini, mstari unakaribia kona, “Skrini siioni, mwanangu, naona weupe tu, ila wewe uko karibu, nakuona. Na umekonda shingo.” Haioni... muda wote huu namwonyesha kitu asichokiona, nahubiri peke yangu na yeye ananikagua shingo, haya, Mama, sema basi, bado unaogopa? “Kesho nakwenda. Nilishamwambia nesi tangu juzi.” Juzi! Na jana jioni nikamshikilia kwenye simu nikimweleza habari za joto mpaka sauti ikanikauka, mbona hukuniambia, Mama? “Ungenipa nafasi? Unapiga, unaeleza, unakata. Nikasema huyu mtoto ndiye anayeogopa, ngoja niende nikakae naye.”

Mimi? Mimi niogope nini, mashine hii naijua, naijua ikikohoa, naijua ikinuna... na hilo pipa nyuma yangu nalijua pia, vibao vilivyopasuka, kioo kinadanganya kina, ukitazama kwa juu unadhani umefika kumbe bado, ukikosea unywele mmoja kinaatuka, na hapo unasema lahaula, unachukua kingine kwenye boksi, lakini Mama hana boksi, ana hili moja, na kesho kuna mtu nisiyemjua atainama juu yake, labda hakulala vizuri, labda ana haraka, na likitokea la kutokea nitasimama mbele ya mama yangu aniulize nani hapo, jamani, nani hapo, mimi, aliyenizaa... “Naogopa, Mama,” ee, limetoka, kwa sauti, hapa kazini, “naogopa sana,” na yeye hashtuki, hata mkoba hausogezi, “Najua,” anasema, “mimi pia. Sogea huku kwenye taa.” Mashine inanguruma vile vile, kona bado haijafika, yako mambo ya kina na joto sijamweleza na sitamweleza, nasogea, nageuza uso kwenye taa na kuuacha hapo, anitazame mpaka atosheke.