Chokoleti ya Mama Mkwe

Nathanaeli alikuwa fundi mwashi wa miaka arobaini na minne, mtu ambaye kijiji kizima cha Mkunya kilimwamini hadi kumwachia ufunguo wa kanisa, siku alipokula dawa ya mama mkwe wake akaimaliza yote.

Mama mkwe huyo, bibi Agnes, alikuwa ametoka kuugua homa ndefu. Alilazwa hospitali ya Masasi wiki tatu, homa ikaisha, wakamrudisha nyumbani, lakini chakula alikikataa. Uji vijiko viwili, kisha anageukia ukutani. Nathanaeli akaenda Masasi kumweleza Sista, muuguzi wa Kizungu aliyemtibu. Sista akafungua kabati lake mwenyewe, akatoa kitu kilichofungwa kwa karatasi ya kung'aa. Alisema kinaitwa chokoleti, amekipata Nachingwea kwa Wazungu wa mashamba ya karanga. Kina vipande kumi na viwili: kimoja asubuhi, kimoja jioni, na kila kipande kifuatwe na uji. Ndani mna maziwa, sukari na mafuta, kinampa nguvu upesi mtu aliyekonda. Zaidi ya hayo, alisema, kinafurahisha mdomo. Bibi Agnes hana ugonjwa tena, amesahau tu kwamba kula ni raha, na hiki kitamkumbusha.

"Wala si chako wewe," Sista alimalizia, akicheka.

Nathanaeli naye akacheka. Cheko lile lilimrudia baadaye mara nyingi.

Akakitia mfuko wa shati, akapanda lori la Mussa. Walipofika chini ya mlima wa Newala rejeta ikachemka ikakauka. Kule juu ndiko kabisa hakuna maji, kwa hiyo Mussa na abiria wote wakachukua madebe wakateremka bondeni kuyatafuta. Wakamwacha Nathanaeli alinde mizigo, maana ndiye waliyemwamini.

Jua lilikuwa la saa saba. Akahisi kifua kimelowa, akapapasa, akakuta kile kitu kimelegea. Akakifungua. Tangu azaliwe hakuwa ameona chakula kigumu kinachoyeyuka bila kuwekwa motoni, akajua kimeoza. Sasa fundi akitaka kujua kama mchanga una chumvi, huuonja kwa ncha ya ulimi. Ndivyo alivyofanya. Alitaka kupima tu, asije akampelekea mkwe kitu kibovu.

Hakikuwa kibovu.

Akaonja tena ili awe na hakika. Kisha akajiambia kwamba kilichonata kwenye karatasi kitapotea bure, akalamba karatasi. Kisha akajiambia kwamba upande mmoja umeshaharibika sura, haufai kupewa mgonjwa. Alijiambia mengi, na kila alilojiambia lilikuwa na kipande chake. Sauti za wenye madebe ziliposikika zinapanda, mkononi mwake mlikuwa na karatasi tupu.

Mtu mwingine angerudi Masasi akaseme. Yeye, lori lilipofika Newala, alishuka akanunua sukari guru na karanga. Nyuma ya duka akawasha moto mdogo, akaziunguza zile karanga mpaka zikawa nyeusi, akatwanga vyote kwa jiwe, akakanda, akafunga kwenye karatasi ile ile. Kwa ukucha akachora mistari ya vipande kumi na viwili.

Kwao mwanamume hakai na mama mkwe chumba kimoja, wala hawasemezani uso kwa uso. Anaamkia kutoka nje ya ukuta, na neno lolote zaidi ya hapo hupitia kwa mke. Kwa hiyo dawa aliipeleka Mabel, mkewe, na maagizo ya Sista akayasema Mabel. Nathanaeli alibaki uani akisikia kwa ndani meno ya mama mkwe yakisaga karanga za kuungua. Kisha kikohozi.

"Anasema ni chungu," Mabel akaja kumwambia. "Lakini ataimeza, kwa kuwa umemhangaikia."

Siku sita bibi Agnes aliimeza, asubuhi na jioni. Uji ukapungua, kutoka vijiko viwili kikawa kimoja. Kila alfajiri Nathanaeli alisimama nje ya ukuta akasema shikamoo mama, na marahaba ya ndani ilizidi kuwa nyembamba. Alitaka kusema siku ya kwanza. Alitaka kusema ya pili. Kazini aliujenga ukuta ukapinda, akaubomoa mwenyewe, na vibarua wakamtania kwamba mzee kapata mchumba Masasi, akili zote zimebaki huko.

Siku ya saba Mabel alitoka chumbani kwa mama yake amebeba kanga tatu zilizokunjwa. Akakaa karibu na mumewe, hakulia. Akasema mama ameanza kugawa nguo zake. Amesema dawa ya Sista ni dawa kubwa, imewainua wengine, na kama yeye imempitia bure basi mwili umeshakataa, asisumbuliwe tena kwa uji. Anataka aitiwe padre.

Nathanaeli alikuwa na tonge mkononi. Akalirudisha sahanini, akamweleza mkewe yote, tangu lori hadi jiwe la Newala. Alisema akitazama chini, na alipomaliza aliendelea kutazama chini.

Mabel akaisogeza sahani kando.

"Umemla mama yangu, Baba Cecil," akasema.

Nathanaeli akamwomba aingie akamwambie mama, sasa hivi, kwamba dawa bado hajaionja, asikate tamaa. Mabel akazipanga zile kanga magotini, pindo kwa pindo.

"Maneno yako nimeyabeba miaka ishirini, na salamu zako, na samaki zako. Hili silibebi. Nenda na mdomo wako, huo huo uliokula dawa yake."

Akaenda. Kuingia hakuweza. Alikaa kizingitini, mgongo ameuelekeza ndani, uso nje, akaamkia. Marahaba ikaja kwa mshangao, maana shikamoo ile haikupita ukutani. Akasema mara moja. Akasema kile alichokuwa akimeza ni sukari guru na karanga zilizoungua, na chokoleti ya Sista ameila yeye, yote, peke yake, akiwa mzima na ameshiba. Kesho alfajiri atakwenda Masasi kwa miguu amwambie Sista.

Nyuma yake kitanda cha kamba kikalia. Alingoja matusi, na aliyatamani.

"Ndiyo maana," bibi Agnes akasema. Kisha akauliza, "Ilikuwaje?"

"Mama?"

"Hiyo yenyewe. Ladha yake."

Nathanaeli akafunga macho. Hakuna aibu aliyowahi kuonja mfano wa ile, mtu mzima mwenye ndevu, kukaa mlangoni kwa mama mkwe na kumsimulia utamu aliomwibia. Lakini alikwishadanganya vya kutosha. Akasema hutafuni, unaacha tu, kinalegea chenyewe juu ya ulimi kama siagi. Kwanza unasikia uchungu kidogo, kama buni ya kahawa, halafu maziwa yanakuja nyuma yake, halafu sukari, na ukishameza bado kimo, kinapanda hadi puani. Akasema uchovu wa mikono ulimtoka, na kwamba alicheka peke yake porini.

"Kama buni," bibi Agnes akarudia. Nathanaeli akamsikia anameza mate. "Mabel, lete uji."

Mabel alikuwa ameshasimama uani na bakuli. Akampita mumewe bila kumtazama, na mara kijiko kikagonga.

"Hicho ni kipande cha kwanza," bibi Agnes akasema, mdomo umejaa. "Vipande vilikuwa kumi na viwili. Cha pili kilikuwaje?"

Nathanaeli akaanza kueleza cha pili, masikio yanamwaka, na mkewe nyuma yake anasikia kila neno.