Kaburi la Kleito

Tangu mji ulipomtangaza bondia Kleito kuwa shujaa, hakuna aliyepita mbele ya kaburi lake akizungumza. Wagiriki ndivyo walivyo: shujaa ni maiti mwenye nguvu, na akisikia sauti yako atakupoozesha mguu au akuulie mbuzi. Wema hauulizwi. Na ungeulizwa, Kleito angejibu nini, mtu aliyemponda kijana wa watu kwa ngumi mpaka akafa, eti kwa sababu kijana alimcheka?

Kijana huyo, bondia mwenzake, aliitwa Rodipo, mwana pekee wa mjane Filista. Filista hakunyamaza ng'o. Kila asubuhi akienda kisimani alisimama pale kaburini akauliza kwa sauti: "Muuaji we, umelala salama?"

Wazee wakamwita sokoni. Msemaji wao, Menalko, alikuwa na ndevu nyingi kuliko haya.

"Mama Rodipo, unatutafutia balaa. Mvua imegoma."

"Iligoma kabla sijafungua mdomo."

"Pale kaburini utanyamaza. Huwezi, funga virago uhame leo kabla ya jua kuzama."

Angehamaje, na kaburi la mwanawe lilikuwa hapo hapo, nyuma ya nyumba?

"Kleito mnammwagia damu ya kondoo," alisema. "Aliwatendea jema gani?"

"Si habari ya jema. Yule anaweza kudhuru."

"Kumbe kosa la mwanangu ni kutomdhuru mtu. Haya, siku ile uwanjani mlikuwepo nyote. Rodipo alikuwa chini, ameinua kidole. Hata mtoto anajua kidole kikiinuliwa bondia ameshindwa, asipigwe tena. Nani kati yenu alisema inatosha?"

Aliwachukia mmoja mmoja, kwa majina.

"Tulimwogopa," alisema Menalko.

"Basi msinifundishe kunyamaza. Hiyo ni kazi yenu."

Alasiri alifukua mifupa ya mwanawe kwa mikono yake, akaifunga katika shuka, akaibeba mgongoni. Njia ya kutoka mjini ni moja tu, na inapita kaburini kwa Kleito. Majirani walimsindikiza hadi karibu na hapo, wengine wakilia. Kisha wakafunga midomo, na hakuna hata mmoja aliyemwambia kwaheri.